Mzee Aliyetufundisha Kulalamika

Jumapili iliyopita nilikuwa nimekaa barazani nasuka kifuniko cha chakula, jirani yangu akaniambia kutoka upande wa pili wa ua kwamba yule mzee wa malalamiko amefariki. Alisema kama mtu anavyosema maji yamekatika. Nikauliza mzee yupi, ingawa nilijua, maana huku kwetu chini ya kilima cha Naguru mwenye sifa hiyo alikuwa mmoja tu. Alikufa asubuhi, nyumbani kwake, baada ya chai, na mkewe anasema neno lake la mwisho lilikuwa kwamba chai ile haina tangawizi ya kutosha. Nyinyi mnaonisoma kila wiki mnajua kwamba machozi yangu hayako karibu. Niliweka chini ukili nikasema innalillahi, ingawa marehemu alikuwa Mkatoliki, nikaona hayo ya dini Mwenyezi Mungu atayapanga mwenyewe.

Hakuwa ndugu yangu, wala rafiki wa kuingiliana jikoni. Alikuwa mtu niliyemjua, basi. Miaka mingi aliendesha lori kutoka Mombasa kuja hapa, na kutoka hapa kwenda Goma, na Kiswahili chake alikiokota njiani kama tairi linavyookota kokoto: neno moja la pwani, neno moja la Kongo, na mahali palipobaki wazi alipaziba kwa Kiganda cha kwao Masaka. Elimu yake ilikuwa ya vizuizini. Aliwahi kuniambia kwamba dereva anayepiga kelele mpakani hulala mpakani. Anayepita ni yule anayekumbuka afisa gani alimsimamisha, saa ngapi, na alimwambia nini, kisha akayasema hayo polepole mbele ya afisa huyo huyo. Magoti yalipomkatalia kupanda lori, alichukua elimu hiyo akaenda kukaa nayo kwenye benchi la duka moja la fotokopi, ng'ambo ya barabara kutoka ofisi moja ya divisheni, serikali ya sehemu yetu ya mji. Ofisi sitaitaja. Wanaokwenda huko wanaijua kwa urefu wa foleni yake.

Kazi yake pale hakuna aliyempa na hakuna aliyemlipa. Mtu akitoka ofisini amefura, anawalaani makarani hadi kizazi cha saba, mzee alimwita akae, akamuuliza maswali. Siku gani? Dirisha lipi? Alisema nini, kwa maneno yake mwenyewe na si kwa maneno yako? Watu walijibu hayo kwa furaha, maana nani hapendi kueleza alivyoonewa. Kisha likaja lile ambalo halikupendwa na mtu: na wewe ulimwambia nini? Hapo wengi walikumbuka kwamba wana safari. Wakibaki, aliwaandikia karatasi, halafu akafanya jambo ambalo sijaliona kwa mtu mwingine hapa mjini. Karatasi haikupelekwa kwa mkubwa kabla ya kusomwa mbele ya yule anayelalamikiwa. Mlalamikaji aisome mwenyewe, kwa sauti yake, palepale dirishani, na mwenzake atie sahihi. Sahihi ile haikuwa ya kukubali. Ilikuwa ya kusema nimesikia. Mzee alisema huwezi kumwendea mtu nyuma kama gari linalorudi bila kupiga honi.

Wapo waliomcheka. Askari wa mlangoni alimtoa nje mara mbili, mara ya tatu akachoka, akaanza kumwekea kiti. Na hapo ndipo ilipotokea habari ya sanduku. Ofisi ile ilikuwa na sanduku la maoni, la mbao, limetundikwa ukutani na kufuli kubwa kuliko la duka la dhahabu. Siku moja mzee akauliza ufunguo anao nani. Karani akasema anao mhasibu, mhasibu akasema anao yule aliyehamishwa, na aliyehamishwa alipopigiwa simu akasema yeye alilikuta sanduku limefungwa vivyo hivyo. Wakavunja kufuli. Ndani mlikuwa na mjusi, maganda ya peremende, na karatasi nyingi za watu wenye hasira. Mzee alizisoma zote pale pale. Wafanyakazi wabaya. Mnatunyanyasa. Mungu anawaona. Nyingine ilikuwa na neno moja tu, ambalo bibi wa umri wangu haandiki gazetini. Hakuna hata moja iliyotaja siku wala dirisha. Mzee akakunja miwani akasema, "Mungu anawaona, sawa. Lakini mkuu wa ofisi hapa ataona nini?" Alituambia kwamba hayo si malalamiko, hizo ni laana, na laana haina anwani.

Mimi nilifika kwenye benchi lake kwa hasira zangu mwenyewe, miaka michache iliyopita. Mjukuu wangu, niliyemlea tangu mama yake alipofariki, alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi. Chuo kilitaka barua ya divisheni inayothibitisha alipozaliwa na anapoishi, na kilitaka iwe imefika Ijumaa, la sivyo nafasi apewe mwingine. Jumanne nikaenda na barua ya mwenyekiti wa mtaa, ina mhuri wake wa zambarau, nimeikunja ndani ya kitambaa kama talaka. Nilisimama kwenye foleni kutoka asubuhi hadi jua likahama upande. Dirisha la pili alikuwepo binti mmoja mwenye kucha ndefu, akaisoma barua kwa jicho moja, jicho la pili likiwa kwenye simu. Kisha akanirudishia na kusema, akiniita bibi kwa Kiganda, "Jjajja, nyinyi Wanubi kwenu ni Sudani. Mtoto aende akachukue barua huko."

Sasa nieleze kwa wasiojua. Babu wa babu yangu aliletwa nchi hii na bunduki ya Mwingereza, na hakuna aliyemuuliza kama anataka kuja. Alizikwa hapa, mwanawe akazikwa hapa, nami nimekwisha kuwaonyesha watoto mahali pa kunilaza. Katika miaka yote hiyo hakuna nzi wala mbwa wa mji huu aliyeniuliza kwetu ni wapi. Wanaouliza ni makarani. Kwa hiyo nilisema niliyoyasema, kwa sauti niliyopewa, na nikatoka. Kule nje foleni nzima ikanipa ushauri. Mmoja akasema binti yule anataka chai. Mwingine akasema wote wanataka chai. Hadi navuka barabara nilikuwa nimeamini kwamba nimeombwa rushwa, na ningeapa.

Nikamwambia mzee aandike: mjeuri, mvivu, mla rushwa. Aliandika lile la kwanza, kalamu ikasimama. Akauliza kama binti ameniomba kitu kwa mdomo wake. Nikasema wote wanaomba. Akasema hakuuliza habari za wote. Nikamwangalia, akaniangalia, foleni ya fotokopi ikatuangalia. La rushwa likafutwa. La uvivu nalo likafutwa, kwa sababu nilipohesabu vizuri, alikuwa amehudumia watu wengi sana kabla yangu na hakuwa amenyanyuka hata kwenda haja. Tukabaki na sentensi moja, ile ya Sudani, na mzee akasema hiyo inatosha, tena ina uzito kuliko zile tulizozifuta, kwa kuwa ni ya kweli na yeye mwenyewe hawezi kuikana. Halafu akaniuliza mimi nilimwambia nini. Nikasema sikusema kitu.

"Nyabo," akasema kwa heshima ya Kiganda, "barabara ina upana wa malori mawili. Na sauti yako niliisikia nikiwa hapa."

Basi ikaandikwa. Kwamba mlalamikaji naye alimwambia karani kuwa mama yake alimwaga maziwa bure siku aliyomnyonyesha.

Kuna watu wananiona mimi jasiri kwa sababu nasema wazi kwenye ukurasa huu. Ni rahisi kusema wazi kwa watu ambao huwaoni. Siku ile, nikiwa na karatasi mbele ya dirisha la pili, mimi niliyeishia darasa la tatu, ambaye hata ukurasa huu nausema na mwingine anauandika, nilifuata maneno kwa kidole, nikarudia mstari wa kwanza mara mbili. Sehemu yake nilisoma kwa nguvu. Sehemu yangu nilisoma kama mtu anayemeza kidonge bila maji, na foleni ikacheka, na mimi nilistahili. Binti hakucheka. Alikuwa ameweka simu chini. Akasema neno la Sudani alilisema, na kwamba analisikia likisemwa na wakubwa wake kila siku, kwa hiyo hakujua kama ni tusi. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Mama yangu nimemzika mwaka huu." Nikamwambia hilo sikulijua. Akatia sahihi yake, nami nikatia yangu.

Tukapanda kwa mkubwa sisi watatu, binti akiwemo. Yule bwana alizoea watu wanaoingia wakilia au wakitisha, akawa ana majibu ya aina mbili, moja kwa kila aina. Alisoma karatasi yetu mara mbili, akaigeuza akatazama nyuma, kisha akauliza kati yangu na binti mlalamikaji ni nani. Mzee akamjibu kwamba wote wawili, na kwamba hapo katikati kuna mtoto anayetakiwa chuoni Ijumaa. Hapakuwa na jambo la kubishania. Barua iliandikwa Jumatano, ikasainiwa, Alhamisi mjukuu wangu akaipeleka. Binti hakufukuzwa kazi. Nakiri kwamba usiku ule nilisononeka kidogo, kwa maana nilikuwa nimekwisha kumwona njiani na mzigo wake kichwani. Alibaki palepale dirisha la pili, na hakugeuka malaika. Aliendelea na kucha zake na haraka zake. Lakini Wanubi wenzangu waliokwenda baada ya hapo walirudi na barua zao, hakuna aliyeelekezwa Sudani. Mimi akawa ananiita Mama Maziwa, mbele za watu, na sikuwa na pa kwenda kulalamika.

Nimemfikiria sana mzee wiki hii, na nimefikiria tunavyolalamika siku hizi. Siku hizi karani akikosea hatumwambii. Tunatoa simu, tunampiga picha akila gonja, ndizi ya kuchoma, huku foleni inamsubiri, na hadi jioni nchi nzima imemcheka, hata watu wa Arua ambao hawatafika dirishani kwake hadi kiyama. Kesho yake wakubwa wanamhamisha. Tunashangilia. Lakini amehamishiwa wapi? Kwa bibi mwingine kama mimi, mwenye barua iliyokunjwa ndani ya kitambaa, na huko amefika na mdomo wake uleule, sasa umeongezewa uchungu. Moshi tumeuhamisha, moto tumeuacha. Na tazameni tunavyofanya wenyewe. Pale dirishani tunamwita mkubwa, bosi, mwanangu, tunainama hadi kilemba kinataka kudondoka. Tukitoka nje ndipo tunakuwa simba. Karani wa watu atajuaje kwamba ametuumiza, ikiwa anachokiona yeye kila siku ni vichwa vinavyoitikia?

Msidhani namfanya mtakatifu. Mzee alichosha. Alilalamika harusini, alilalamika matangani. Sokoni Kalerwe kulikuwa na mama mmoja muuza nyanya, fungu lake nzuri juu na mbovu chini, na mzee badala ya kununua mahali pengine kama binadamu, alikaa akaandika karatasi, akamsomea. Mama yule alimsikiliza hadi mwisho, akatia sahihi kwa adabu, kisha akaipinda karatasi ile akaifanya kifuniko cha mkebe wake wa chumvi. Mzee aliisimulia mwenyewe habari hiyo, akicheka hadi anakohoa. Alisema lengo lilikuwa asikie, na amesikia, na chumvi nayo inahitaji kufunikwa. Alipokwenda tena wiki iliyofuata, mama alimchagulia nyanya yeye peke yake, nzuri juu na chini, wengine wakaendelea kama kawaida. Mzee hilo lilimuudhi zaidi kuliko zile mbovu.

Sasa nifike mahali ambapo tangu mwanzo nimekuwa nikipazunguka. Mjukuu wangu alimaliza chuo, akaajiriwa katika kituo kimoja cha afya cha serikali, na hadi leo yumo katika miezi ya majaribio. Mkuu wa kituo aliwaambia waajiriwa wapya siku ya kwanza kwamba atakayeletewa malalamiko kabla ya kuthibitishwa, asishangae akibaki nje. Kazi hiyo ndiyo mlo wetu na ndiyo fahari yangu. Alhamisi, siku tatu kabla ya kifo chake, mzee alikuja kwangu jioni akiwa na karatasi mkononi. Nyuma yake alikuwa mama mmoja Mkongomani, mkimbizi, anayeuza vitenge kwa kutembeza, na mtoto mgongoni. Mama yule alikataa kukaa. Mzee alikaa, akaomba maji, akaniambia kwamba karatasi ni malalamiko juu ya mjukuu wangu.

Nilimwambia mtoto yuko kwenye majaribio. Akasema anajua. Nikamwambia yeye anaijua nyumba hii, mkono wake ndio uliopata ile barua, sasa anataka kuvunja alichojenga? Akasema hata yule binti wa dirisha la pili alikuwa na kazi, na mimi sikuogopa kumsomea. Nikaona hasikii, nikasogea karibu nikamnong'oneza kwamba mama huyu ni mtu wa kupita, leo yuko hapa kesho yuko kambini, jambo lake litakwisha lenyewe. Nilipomaliza kusema, masikio yangu mwenyewe yakanisikia. Mzee alikunywa maji yake yote, akaweka kikombe chini. Mkuki kwa nguruwe mtamu, wahenga walisema, nami Mwislamu wa miaka yote nilikuwa sijawahi kuelewa utamu huo hadi jioni ile nilipogeuziwa uchungu.

Mjukuu aliingia akiwa bado na sare. Mzee akamwambia akae, na mama akaambiwa aseme ya kwake. Hakujua kusoma vizuri, akayasema kwa kichwa, kwa Kiswahili cha kwao, macho yakiwa chini. Mnajua vituoni kila mgonjwa anakwenda na kitabu chake cha shule, na vitabu vinapangwa mezani kwa kufuata aliyetangulia.

"Nilikuya saa moja ya asubuhi," akasema. "Kitabu ya mutoto ilikuwa juu. Ukaniuliza kwa Kiganda, nikajibu kwa Kiswahili. Ukatoa kitabu, ukaitia chini kabisa. Ukasema nirudi na mutu mwenye anajua kuongea. Mutoto alikuwa na homa. Tulingoja mupaka saa kumi."

Mzee akamuuliza swali lake, lile lisilopendwa: na wewe ulimwambia nini?

"Sikusema kitu. Niliogopa muguu ya mutoto, mutachoma sindano mubaya."

Mjukuu wangu alianza kujitetea. Kwamba asubuhi ile alikuwa peke yake mezani, mwenzake hakuja, watu walikuwa wamejaa hadi getini, hakuwa ametia kitu mdomoni tangu alfajiri. Nilitaka kumsaidia, mzee akaniinulia kiganja. Akamwambia hayo yote ni kweli na yaandikwe, mkubwa wake ayasome pia, kwa sababu kuwekwa mtu mmoja peke yake kwenye meza ile ni kosa la mwingine. Lakini kitabu kilitolewa juu kikawekwa chini kwa mkono wa nani? Mjukuu wangu akainuka akamwendea yule mama, akamtazama mtoto mgongoni, akauliza kama homa imeshuka. Mama akasema imeshuka. Mjukuu akatia sahihi. Mzee akaiacha karatasi kwetu ili aandike upande wake kwa utulivu, akasema Jumatatu atapita kuichukua, aipeleke kwa mkuu wa kituo.

Jumapili akafa. Niliwaambia pale juu kwamba nilisema innalillahi. Sikuwaambia lililofuata. Lililofuata moyoni mwangu, kabla hata sijauliza mazishi ni lini, lilikuwa karatasi ile ndani ya kabati letu. Aliyekuwa aipeleke hayupo. Yule mama hajui hata mlango wa mkuu wa kituo uko upande gani. Na sigiri yangu ilikuwa inawaka, maharage juu yake. Niliinuka, nikaingia ndani, nikaitoa. Nimewasema makarani wa mji huu miaka mingi, kwenye foleni na humu gazetini, na siku hiyo nilisimama nyumbani kwangu na karatasi ya mkimbizi mkononi, natazama makaa.

Mjukuu alikuwa nyuma ya nyumba anafua. Nikamwambia mzee amefariki, na karatasi sasa haina mchukuaji. Sikumwambia afanye nini. Nilitaka aseme yeye, ili dhambi iwe yake na faida iwe yetu sote. Alijifuta mikono kwa gauni, akaichukua, akakaa kizingitini akaandika mistari sita. Nikamuuliza anafanya nini.

"Habuba, mama yule anapita kituoni kila siku na vitenge," akasema, maana kwetu Habuba ni bibi. "Nitamwangalia na macho gani?"

Jumatatu alitoka mapema kuliko kawaida, akamtafuta yule mama mahali anapopanga bidhaa, wakaingia kwa mkuu pamoja. Mimi sikuweza kusuka wala kula. Nilifua nguo ambazo zilikuwa safi. Alirudi jioni akavua viatu, akanywa maji, ndipo akasema. Hakufukuzwa. Majaribio yake yameongezwa miezi mitatu, na barua ya onyo imewekwa kwenye faili lake. Mkuu wa kituo ameahidi kuomba mtu wa pili wa kupokea vitabu asubuhi. Ameahidi kuomba, hakuahidi kupata. Yule mama hakusema asante na hakuombwa aseme. Alimuuzia nesi mmoja kitenge wakati anatoka, akaenda zake. Kama kazi itabaki, tutajua miezi hiyo ikiisha. Sina uhakika, na usingizi wangu si mzuri.

Jumanne tulimzika mzee kijijini kwao. Yule binti wa dirisha la pili alikuja, mbali kote kule, na kucha zake. Alinisalimia kwa lile jina la maziwa mbele ya padri. Tukakaa mkeka mmoja.

Niseme nililojifunza, kwa kuwa mnanunua gazeti ili mjue. Serikali haiko mahali pengine mbali ikituletea watu wajeuri kwa magari. Inawachukua nyumbani mwetu, wakiwa na sare tulizozipiga pasi sisi. Ukimficha wako usimlaumu wa mwenzio. Na mtu anayeambiwa kosa lake usoni, kwa siku yake na saa yake, bado ana nafasi ya kulirekebisha. Anayesemwa nyuma ana nafasi ya kukasirika tu. Kwa hiyo mwenye neno juu ya mjukuu wangu asiniletee mimi barazani, wala asilitie kwenye simu. Anaanza kazi saa mbili asubuhi, meza ya kwanza, mkono wa kulia ukiingia. Amwambie yeye.